Shikamoo Niliyompa Mjukuu Wangu Angani

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo kwa mlenda mfululizo, kwa sababu mto ulisomba mahindi yetu yote hapa Kilosa. Nina miaka sabini na mbili, shule niliishia darasa la tatu, nakaa Mabwerebwere. Wasomaji wenzangu, nimempoteza mjukuu wangu kwa kudai heshima...

Yudita nilimlea mimi. Akawa rubani! Mtoto aliyezaliwa Munisagara, anarusha ndege yenye miguu ya aina mbili: magurudumu ya kutua uwanjani na maboya ya kutua majini. Kanisani nilitembea kifua mbele mpaka wenzangu wakanichoka.

Siku hiyo alinipandisha ndege uwanja wa Mikumi, akanikalisha pembeni yake, twende kutua kwenye bwawa moja. Nyuma alikaa katekista mmoja mzee. Uwanja ulikuwa na tope, kwa hiyo tulipopaa aliyaacha magurudumu nje kwanza, upepo uyakaushe.

"Ila tukikaribia maji, mke mwenza, usiniongeleshe," akaniambia kwa utani wetu. "Lazima niseme kwa sauti kwamba natua majini, magurudumu yako juu, halafu niyaangalie. Yakigusa maji yakiwa chini, ndege inapinduka."

Nikamcheka. "Bata anatua majini kila siku, kwani amesomea wapi?"

Bwawa likatokea. Nikamuuliza, wale wanaotupungia kwenye mtumbwi ni akina nani? Kimya. Nikarudia. Kimya! Katekista akakohoa. Mimi nidharauliwe mbele ya mtu wa kanisa? Na mtoto niliyemwogesha mwenyewe?

Nikapaza sauti: "Yudita, shikamoo!"

Mnajua wenyewe, mkubwa akimwamkia mdogo shikamoo, amemchapa mbele za watu. Alikuwa ameshaanza, "Natua majini, magu..." Akakatika. Akanigeukia, machozi yanamlenga. "Jamani bibi, nisamehe! Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia kwa maringo... na maji yakatufikia.

Magurudumu yalikuwa chini! Ndege ikabinuka, sisi kichwa chini, maji puani. Mkono wa Yudita ulinifungua mkanda, ukanisukuma mlangoni. Wavuvi wa ule mtumbwi walinitoa mimi, wakamtoa katekista. Yudita walimkuta bado amefungwa mkanda wake...

Msibani mwanangu, baba yake Yudita, alinivuta kando. "Mama, wachunguzi wa ajali wanasema rubani alisahau magurudumu. Tuseme karogwa, jina la mtoto lipone." Ndugu walishapata na mtu wa kumsingizia, mjane jirani yetu!

Nikamwambia: "Hakurogwa, hakusahau. Nilimkatiza mimi, na sitasema vingine."

Wachunguzi nao niliwaeleza hivyo hivyo, nikilia.

Nawasihi, mtu akishika kazi yenye roho za watu, awe rubani, awe dereva wa lori la miwa kule Kidodi, mwacheni amalize! Akikunyamazia, nyamaza nawe. Salamu itasubiri. Maji hayasubiri.

Jana mwanangu kaja tena, safari hii na wazee wa ukoo. Wakasema nikiendelea hivi nitazikwa na aibu. Nizikwe nayo!

"Hakurogwa, hakusahau. Nilimkatiza mimi, na sitasema vingine."