Kioo Alichokisugua Zebiniso

Nilifika mjini Kokandi asubuhi ya Jumapili nikiwa na mfuko mtupu wa kubebea nguo za marehemu dada yangu. Mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike Zebiniso. Hitima ya mwaka tulishaisoma kwetu Margilani, na mama akanituma nikachukue sanduku lake, maana kwetu vitu vya binti aliyekufa havibaki kwa mume akishaoa tena. Na Hoshim, mume wake, alikuwa anaoa tena.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Majani ya mzabibu uliotanda juu ya ua yalishaanza kuwa mekundu. Sabohat, mama yake Hoshim, alinipokea mlangoni kwa mabusu na machozi, akanikalisha, akanimiminia chai. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza akaniletea kisu na beseni la karoti.

"Inobat mwanangu, nisaidie. Wageni wanakuja jioni, mchumba wa shemeji yako na kaka yake. Nikikata mimi zinatoka kama magogo."

"Nikate karoti za pilau ya mchumba wake, mama?"

"Ni karoti tu, mwanangu. Karoti zina kosa gani?"

Nikazikata. Nilizikata kwa hasira mpaka ubao ukawa unalia, na yule mama akanisifu kwamba nina mkono mwepesi.

Hoshim ni fundi wa majokofu, lakini mtaani kwao anajulikana kwa darubini. Aliitengeneza mwenyewe, bomba refu kumzidi kimo, ya kutazama sayari akiwa hapo hapo uani kwake. Kila aliyeingia nyumba ile aliambiwa habari za kioo kilichokaa chini ya bomba, kipana kama sinia, na jinsi Hoshim alivyokisugua mpaka kikabonyea sawasawa. Uongo. Kioo kile alikisugua Zebiniso. Majira mawili ya baridi dada yangu alilizunguka pipa, kioo juu ya kioo, mchanga laini katikati, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta. Vidole vyake vilipasuka. Akija kwetu, mama alimpaka mafuta ya kondoo naye akicheka. "Hoshim anasema nina subira ya punda," alisema. Alidhani ni sifa.

Habari za kifo chake nazo tulizipata kwa Hoshim. Alituambia hakuwapo nyumbani, alikuwa ameitwa kutengeneza jokofu la mtu. Aliporudi alimkuta dada yangu barazani, damu imemwisha, mimba kubwa tumboni. Hospitali ni mwendo mfupi tu kwa gari. Alilia sana alipotueleza. Mama yangu alimshika kichwa akamwombea dua.

Mchana Hoshim alitokea chumba chake cha kazi, amenyoa, amenukia manukato.

"Shemeji, leo Mshtarii, ile sayari kubwa, yuko karibu kuliko mwaka mzima, na bi harusi anataka kumwona. Njoo nisaidie kuosha kioo. Mikono yangu haitulii leo."

"Karoti nimekata mimi, na kioo nikioshe mimi?"

"Usinikasirikie, Inobat. Marehemu mwenyewe angefurahi."

Ningeweza kumtupia kisu. Lakini nilitaka kukigusa kitu ambacho dada yangu alikigusa kwa miaka miwili, kwa hiyo nikanawa mikono nikamfuata.

Chumba kile hakina moto, na usiku uliopita baridi ilikuwa imegandisha maji kwenye ndoo. Tulikitoa kioo kwenye kitako chake. Nilipokipokea nilikaribia kukiangusha. Kilikuwa na joto. Si joto la kitu kilichoanikwa juani, bali la shingo ya mtu aliyelala.

"Kilikuwa karibu na jiko?" nikauliza.

"Jiko lipi? Hakuna jiko humu."

Tukakilaza kwenye beseni la maji safi yenye tone la sabuni. Alinifundisha kuburuta pamba juu yake bila kukandamiza, uzito wa pamba wenyewe unatosha, maana fedha iliyopakwa juu ya kioo ni nyembamba kuliko utando wa yai. Kisha tukakisimamisha kwa ubavu ili maji yachuruzike. Maji yalishuka, yakaisha. Mahali pamoja, katikati, yalikwepa. Yaliizunguka alama.

Kilikuwa kiganja. Kidogo, vidole vimetanuliwa, kama vya mtu aliyeuegemea mlango.

"Umekigusa!" Hoshim akafoka.

"Sijagusa popote. Tazama, alama iko chini ya fedha, si juu."

Akasugua kwa pamba, taratibu, kisha kwa nguvu ambayo mwenyewe alikuwa amenikataza. Haikutoka. "Ni kasoro ya dawa," akasema. Akakirudisha kioo kwenye bomba haraka, akakaza skrubu, akanigeuzia mgongo. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuvilinganisha vioo, kile kikubwa cha chini na kidogo cha juu kinachoirusha picha kwenye tundu la kutazamia. Hilo hufanywa kabla lenzi haijatiwa. Mmoja anachungulia kwenye tundu, mwingine anageuza skrubu za chini. Vioo vikilingana, yule anayechungulia huliona jicho lake mwenyewe katikati kabisa.

Nikachungulia. Hoshim alikuwa amechuchumaa chini anageuza.

"Unaliona jicho lako?"

"Naliona. Lisogeze kushoto. Hapo. Hapo hapo."

Jicho lilikaa katikati ya duara, limetulia. Shingo ilinichoka, nikakiondoa kichwa polepole, bado natazama kwa mbali.

Jicho lilibaki pale.

Sikupiga kelele. Niliketi kwenye ndoo na kumtazama mwanamume yule akijifuta mikono, anapiga mluzi. Nikamwambia, "Kuna kitu humo." Akacheka. "Kuna macho yako makavu humo, shemeji. Ukalale kidogo."

Alasiri tulilitoa bomba tukalisimamisha katikati ya ua ili lipoe. Darubini ikiwa na joto kuliko hewa ya nje, sayari huchezacheza kama jiwe lililo chini ya maji. Hewa ilikuwa inapoa haraka. Kila nilipopita na vyombo, Hoshim alikuwa ameweka kiganja kwenye kitako cha bomba, anakunja uso, anaondoka, anarudi. Kila kitu uani kilikuwa baridi, hata kitasa cha lango. Bomba peke yake lilikataa kupoa.

Wageni walikuja jua linazama. Mchumba aliitwa Muattar, mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke mpole aliyewahi kuachika. Ndoa ilikuwa ya pili kwa wote wawili, ndiyo maana aliruhusiwa kuja mwenyewe na kuiona nyumba. Kaka yake Tolib alikuwa mnene, mcheshi, na pilau ya watu hakuionea aibu.

"Shemeji Hoshim," alisema huku akilizunguka bomba, "hiki ni chombo cha kutazamia nyota au umeng'oa bomba la choo?"

"Cheka tu. Ukishaona utaniomba nikupangishe chumba hapa."

"Mimi nikitaka kitu cha mviringo kinachong'aa namtazama mke wangu."

Walicheka wote. Sabohat alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la mikate, nikiwaza kwamba dada yangu alikufa palepale barazani walipovua viatu.

Mshtarii alikuwa ameshachomoza juu ya paa la jirani, mweupe, mkubwa. Hoshim akatia lenzi, akalenga, akamwita Muattar. Muattar akainama, mkono mmoja amezuia nywele.

"Unaona mistari yake? Na miezi yake pembeni?"

Muattar alikaza jicho kwenye lenzi. "Inapumua," akasema.

"Ni joto la kioo hilo. Bado halijatoka lote."

"Hapana, kaka Hoshim. Inapanda na kushuka. Kama kifua cha mtu."

Akajitenga na darubini akaenda kukaa karibu na kaka yake. Alijifunika shali mpaka kidevuni.

Hapo ndipo hodi ilipobishwa.

Ilikuwa sauti hafifu. Kiganja juu ya mbao. Bomba lile ni la bati, lakini sauti ilikuwa ya mbao. Ilitoka chini, mahali kioo kilipokaa.

Tolib alitabasamu. "Una paka humo?"

Ikabishwa tena. Safari hii polepole zaidi. Mtu aliyechoka. Mtu aliyekaa chini, anabisha kwa mkono aliouinua kwa shida.

Nilimtazama Sabohat. Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwake, chai inamwagikia mapajani, na hakuwa anaihisi.

Ikabishwa tena.

Hoshim akaligeukia bomba. Mishipa ya shingo ilimsimama. Akapiga kelele, si kama mtu aliyeogopa, bali kama mume aliyesumbuliwa kazini.

"Ngoja, Zebi! Nimeshakwambia ngoja! Fedha haijashika!"

Kikombe kikamwanguka Sabohat. 

"Hoshim, funga mdomo wako," Sabohat akanong'ona.

Muattar ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo mno. "Nani alikuwa anabisha?"

 Mimi nilikuwa nimeshaelewa.  Sinia liliniponyoka. Nilimshika yule mama mabegani nikamtikisa mpaka kitambaa kikamwanguka.

"Hoshim alikuwa nyumbani! Alikuwa chumbani mle anapaka fedha, amejifungia, na dada yangu yuko mlangoni anavuja damu!"

"Alisema vumbi litaingia," Sabohat alilia. "Alisema akiacha kidogo tu dawa itaharibika."

"Na wewe? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa hapa. Nilidhani atafungua, mwanangu. Kila Zebi alipobisha nilidhani sasa atafungua."

Mungu anisamehe, nilimpiga kofi mwanamke aliyemzidi mama yangu umri. Na sijutii. Tolib alinishika mikono. Nilimtukana Hoshim matusi ambayo sikujua kwamba ninayajua. Nilimwambia mbele ya mchumba wake, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba kwa ajili ya kung'arisha kioo alimwacha mkewe na mtoto wake wafe kama mbwa kizingitini, kisha akaja kwetu akalilia mapajani mwa mama yangu.

"Mnanifanya muuaji kwenye ua wangu!" Hoshim alifoka. Mate yalimruka. "Ni bati! Bati likipoa linalia! Hamna kitu humo! Nitawaonyesha kwamba hamna kitu!"

Akainama. Akaweka jicho la kulia kwenye lenzi.

Tukasubiri.

Mikono yake ilikuwa imelishika bomba. Ikalegea. Ikaning'inia.

"Hoshim?" mama yake akaita.

Hakusogea. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka, haraka, kama wa mbwa aliyekimbia. Kisha nikamsikia akinong'ona. Nilikuwa karibu. Nilisikia vizuri.

"Funguo za gari zipo. Zipo mfukoni, Zebi. Nakuja. Nakuja sasa hivi."

"Mtoeni," Sabohat akasema. "Mtoeni hapo!"

Tolib alimvuta mabega. Hakutoka. Alimkumbatia kiunoni akavuta kwa uzito wake wote, na uso wa Hoshim ukabanduka kwenye lenzi kwa sauti ya kitambaa kibichi kinachochanika. Wakaanguka wote wawili. Hoshim alikuwa hai. Alikuwa amefumbua macho yote mawili. La kushoto lilikuwa linatutafuta, mmoja baada ya mwingine. La kulia lilikuwa limetulia, linatazama mbali.

Nililichukua sanduku la dada yangu usiku uleule. Muattar alinifuata mpaka langoni, viatu mkononi.

"Dada, ulijua?"

"Nisingekata karoti kama ningejua."

Akatikisa kichwa.  "Mimi niliona mtu ananitazama mle ndani. Nikadhani labda ndivyo sayari zilivyo."

Nilirudi Kokandi mara moja tu baada ya hapo. Watu walinisihi nimhurumie, eti mtu amepofuka jicho moja, eti Mungu ameshamlipa. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda hospitali alikolazwa nimsikie akiyasema yale kwa kinywa chake, na aliyasema, mbele yangu na mbele ya muuguzi. Alikumbuka kila kitu. Alisema alisikia jina lake likiitwa, akawasha redio. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mikono ya koti.

Kisha jua likazama, na jicho lake la kulia likaanza kutoa maji. Mazito, meupe. Yalishuka shavuni mpaka shingoni, na yeye mwenyewe hahisi chochote. Muuguzi, mama wa makamo, alikuja na pamba kama mtu aliyezoea. Madaktari walishalipima jicho, akasema, na ni zima kama la mtoto. Tatizo ni hayo maji. Yanatoka kila jioni, yakitosha kikombe yanakoma.

Alinivuta ukumbini akafunga mlango.

"Daktari ameandika kwamba ni usaha," akanong'ona. "Mimi nimenyonyesha watoto watatu, dada. Nusa."

Nikanusa.

Ile pamba niliichukua. Iko hapa nyumbani Margilani, kwenye kikombe juu ya dirisha. Sasa ni kiangazi, na kwa joto la huku maziwa hayamalizi mchana mmoja bila kuchacha. Nimeigusa leo asubuhi. Bado imelowa, na harufu yake ni tamu.