Basi Linalonguruma Bila Kuondoka

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Gesare alipanga ndizi zake mbivu kwenye meza ya mbao katika steji ya Kisii. Ndizi zilitoka Nyaramba. Meza ilikuwa karibu na ukuta, na mbele yake palikuwa na nafasi ya basi moja tu. Nafasi hiyo ilikuwa ya mumewe, Manasseh.

Manasseh aliendesha basi la dizeli kati ya Kisii na Keroka. Kila akifika, alirudi kinyumenyume mpaka mkia wa basi ukaribie meza ya mkewe. Hakukubali dereva mwingine aegeshe hapo. Huo ndio uliokuwa upendo wake. "Abiria wangu wale ndizi za nyumbani kwangu," alisema kwa majivuno.

Kisha alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma na basi likatikisika kama linaondoka. Halikuondoka. Madereva wote wa steji walifanya hivyo. Abiria hulikwepa basi lililo kimya, wakidhani litachelewa. Basi linalonguruma, hata kwa saa nzima, ndilo hujaa kwanza.

Na moshi? Moshi uligonga ukuta, ukarudi kwa Gesare.

Alikuwa akikohoa tangu mwaka uliopita. Daktari alimwambia, "Kifua chako kinaharibiwa na moshi. Usipouepuka, hata kupanda ngazi kutakushinda." Gesare alidhani ni moshi wa kuni. Akanunua jiko la gesi. Kikohozi hakikupungua.

Siku moja Manasseh alimletea karatasi pale mezani.

"Weka sahihi, mama Bitutu."

"Ya nini?"

"Mji unataka kununua mabasi kumi ya umeme. Jumatano kuna mkutano wa maoni ya wananchi. Sisi tunapinga."

"Yana ubaya gani?"

"Ubaya? Kisii hii hunyesha kila alasiri! Watu wapigwe shoti mlangoni? Na vilima vyetu hivi, umeme utavipanda? Tutasukuma basi kama mkokoteni! Halafu mimi niende wapi? Nikachume majani chai?"

Gesare akaweka sahihi. Hakusoma.

Jirani yake, Nasteho, alikuwa fundi wa umeme mwenye duka la nyaya na taa kando ya meza hiyo. Alisikia kila neno. Basi la Manasseh lilipoondoka, alikuja mezani.

"Mama Bitutu, umetia sahihi nini?"

"Kazi ya mume wangu."

"Hebu lete ndizi moja."

Nasteho akachukua kitambaa cheupe chenye maji. Akaipangusa ndizi upande uliotazama basi. Kitambaa kikawa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Haya ni masizi ya dizeli," alisema. "Ni laini kuliko unga. Ukiyavuta hayaishii kooni. Yanashuka mpaka ndani ya mapafu."

Gesare alikitazama kitambaa. "Ya basi gani?"

Nasteho aliangalia ile nafasi iliyobaki wazi.

Hasira ilimpanda Gesare mpaka masikio yakawaka moto. "Na ile shoti?" aliuliza.

"Betri iko ndani ya sanduku lisiloingiza maji. Kukiwa na hitilafu, umeme hujikata. Kilima usikiogope, mota ya umeme ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Na basi likiteremka, hurudisha umeme kidogo kwenye betri."

"Na kazi ya Manasseh?"

"Hilo ndilo la kuuliza! Basi la umeme lina usukani. Linataka dereva, lakini dereva aliyefunzwa. Dai mafunzo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kununua. Usiseme kwa mdomo tu. Andika, peleka, udai mhuri wa kupokelewa."

Jumatano ukumbi ulijaa. Manasseh alisema kwanza, akapigiwa makofi. Kisha Gesare akasimama, kitambaa cheusi mkononi.

"Sahihi yangu imo kwenye karatasi yake. Naifuta!"

Watu wakacheka. "Mama, mtamalizia nyumbani!"

"Nyumbani sina pumzi ya kugombana!" alifoka. "Tazameni! Miaka sita huyu mwanamume ananipulizia haya kifuani, akidhani ananipenda!"

Kicheko kikakatika.

"Nayataka mabasi hayo. Na nataka madereva wetu hawa hawa wafunzwe kwanza. Na kuanzia leo, basi likisimama injini izimwe! Hilo halingoji basi jipya. Linangoja aibu tu."

Akakabidhi maoni yake kwa maandishi. Hakuketi mpaka yalipopigwa mhuri.

Jioni Manasseh hakugusa chakula. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Injini yako ilikuwa inanguruma."

Kesho yake Manasseh alizima injini. Wenzake walimcheka: "Mzee amezimwa na mkewe!" Alikosa abiria wengi, lakini hakuiwasha. Baada ya miezi miwili, Gesare alianza kulala bila kukohoa.

Mwaka uliofuata mabasi ya umeme yalikuja. Mafunzo yalikuwa kwenye mkataba, na Manasseh alikuwa wa kwanza kufunzwa. Siku ya kwanza basi lake lilisimama kimya mahali palipotengewa mabasi mapya, mbele kidogo ya meza. Abiria wakalipita, wakaingia basi la dizeli la dereva mwenzake, Duke, lililokuwa likinguruma mbele ya meza ya ndizi, kwenye nafasi ya zamani ya Manasseh. Manasseh alitazama kwenye kioo. Gesare alikuwa amefunika pua kwa leso.

Akaruka chini.

"Duke! Zima!"

"Ukali wa nini, mzee? Abiria watajuaje naondoka?"

"Unaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Kumbe huondoki! Zima hiyo injini. Mke wangu anapumua hapa!"

Duke alimtazama usoni, akazima. Steji ikatulia. Sauti ya Gesare ikasikika mpaka upande wa pili wa barabara: "Ndizi! Ndizi za Nyaramba!" Hakukohoa.

Abiria mmoja akaliendea basi lililo kimya. "Dereva, hili linaondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi," alisema Manasseh.

Na kweli, likaondoka.