Akala Katika Foleni ya Redio

Betri ilikuwa baridi. Adau aliigusa kwa kiganja, kisha kwa nyuma ya mkono kama mtu anayempima mtoto homa, na bado ilikuwa baridi. Hapo ni Kakuma, kambi ya wakimbizi, saa sita mchana, na paneli ya sola juu ya paa imekunywa jua tangu asubuhi. Aliwasha redio koli. Taa nyekundu ikapepesa mara moja, ikazima.

"Imelala tena," alisema. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Asubuhi betri inajaa, watu wanaongea na jamaa zao. Ikifika adhuhuri, pasipo mtu kuigusa, nguvu yote imekwenda. Kibanda cha redio kilikuwa cha akina mama wa kambi, na kwa redio hiyo mtu aliyekimbia vita Sudan aliweza kujua nani wake amebaki hai. Ofisi za ng'ambo ya seng'enge zilikuwa na jenereta inayonguruma kutwa kupoza soda. Akina mama walipoomba waya mmoja tu kutoka huko, waliambiwa ombi lao linashughulikiwa. Neno refu sana la kusema hapana.

Na Adau, aliyekuwa akiiendesha redio, sasa aliihitaji kuliko wote. Marial, mwendeshaji wa kituo cha mpakani, alikuwa amemwambia kwamba mama yake, Nyakong, ameonekana hai katika msafara wa wagonjwa. Jumamosi adhuhuri msafara ungepumzika kituoni hapo, kisha ungeendelea mbali, kusiko na redio. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Tangu risasi zilipowatenganisha mtoni Adau akiwa msichana, hakuwahi kuisikia sauti ile tena.

Akamwita Ejore, fundi wa betri kutoka Lodwar. Ejore alikuja juu ya lori la mahindi, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alisugua vichwa vya betri kwa maji ya moto, akaongeza maji ya betri, akabadilisha waya, akapanda paani kupangusa paneli. Haikusaidia. Akaibeba betri hadi Lodwar, ikakaa dukani kwake siku nzima ikiwasha taa na muziki bila kuchoka. Akairudisha Kakuma pamoja na nyingine mpya. Ilipofika adhuhuri, betri zote mbili zikafa.

"Mama Mou," alimwambia Adau kwa jina la mwanawe, ameketi chini, "betri iko sawa. Sola iko sawa. Waya iko sawa. Sasa ni nini haiko sawa?"

"Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi ya betri. Hii nyumba sijui fundi yake ni nani."

Siku iliyofuata Ejore alifunga mlango wa kibanda akakaa ndani peke yake, aone. Nje watu walisikia kimya tu, lakini yeye, alivyosimulia baadaye kwa sauti ya chini huku akitazama mlango, alisikia kwanza harufu, harufu ya matope ya mto mkubwa uliofurika, katika nchi ambayo mito yake ni mchanga mtupu, kisha kitufe cha maiki kikabonyea chenyewe, ta, kikaachiliwa, ta, na katikati ya milio hiyo kulikuwa na pumzi, pumzi ya mtu aliyekaa karibu kabisa na goti lake, anayengoja, anayengoja kwa uchovu usio na mwisho.

"Mimi ni Mkristo," Ejore alinong'ona, "lakini hiyo ni jini. Spana haiwezi. Tafuta Akiru, yule mama wa Nakalale."

Akiru alikuwa amuron, mwaguzi wa Kiturkana anayesoma mambo kwa kurusha viatu. Alifika Jumamosi asubuhi, na kabla ya kuingia alisimama akaitazama foleni.

Foleni ya redio ilikuwa ya vitu. Mtu alikuja alfajiri, akaweka jiwe au mtungi wake, akaenda kutafuta maji au mgao, akijua nafasi yake ipo. Mbele ya vyote kulikuwa na akala moja ya mguu wa kushoto, ile ndala ya tairi, ambayo mwenyewe hajaonekana kwa miezi. Majak, mzee wa mtaa, alikuwa akiiruka kila siku kwa jiwe lake.

"Kiatu hakina mdomo, binti yangu," humwambia Adau. "Kingekuwa na neno kingesema."

"Foleni ni foleni, mzee. Ukiruka kiatu leo, kesho utaruka mtu."

"Basi kiite kiongee na shangazi yake."

Watu walicheka, na Adau aliirudisha akala mbele kila asubuhi. Lakini kuiita, hakuiita. Nani huita kiatu?

Akiru aliirusha akala hewani. Ikaanguka, kisigino kikielekea nje, ncha ikielekea kiti cha redio. Akarusha tena. Ikaanguka vilevile.

"Ejok, vema, mwanangu," alisema taratibu. "Mwenye hii alikufa akiwa na zamu. Na anayekaa ndani si yeye. Ni kitu kingine, kilikuta nafasi wazi kikaingia. Leo mchana kiite kwanza, kabla ya mtu yeyote. Sema: zamu yako, ongea. Kikimaliza nitapaka mlango uchafu wa tumbo la mbuzi, na hakitarudi."

"Kesho, mama. Leo adhuhuri ni mama yangu."

"Kila mtu hapa ana mama yake."

"Mimi nimeilinda foleni hii mwaka mzima. Nimegombana na wazee kwa ajili yake. Mara moja tu, siwezi kupewa haki yangu? Kesho nitakiachia siku nzima."

"Unajua kusema," Akiru akajibu. "Lakini si mimi unayebishana naye."

Jua lilipofika utosini, Adau aliiokota akala kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kando, akaingia, akafunga mlango.

Betri ilikuwa na joto la kawaida. Taa ikawaka, ikatulia. Kabla hajaita, sauti ikaja, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Adau."

Alishika meza. "Mama?"

"Nimechoka, mwanangu. Nimengoja sana."

Akalia, akacheka, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama maji ya mtungi uliopasuka: kwamba ana watoto wawili, Mou na Abul, kwamba Abul ana macho ya bibi yake, kwamba wanakaa nyumba ya tatu kutoka bombani, ile yenye mlango wa bati la bluu, kwamba kuna kitanda, kuna blanketi, kuna uji, na kwamba hakuna siku moja katika miaka yote hiyo aliyolala bila kulitaja jina lake.

"Nikija utanifungulia?"

"Mama, kwangu hupigi hodi. Ingia tu."

Kitufe kikalia, ta.

Alifuta machozi. Redio ikakwaruza, na Marial akaingia, sauti yake ikikatikakatika.

"Kakuma, Kakuma, unanisikia? Samahani, dada. Nakuita tangu asubuhi, kama kuna mtu ameziba njia. Gari la wagonjwa limekwama mtoni. Mama yako hajafika hapa. Tutajaribu jioni."

Adau alibonyeza kitufe. Akakiachia. Mbele yake betri ilikuwa imejaa pomoni, taa imesimama imara, nayo ilikuwa adhuhuri.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Majak, kofia mkononi, uso umekunjuka kwa furaha ya mtu aliyebeba habari njema.

"Binti yangu, wewe ni wa kuficha mambo. Kumbe bibi wa watoto anakuja na hukuniambia? Sijui amepita wapi, pale bombani hakuna aliyemwona. Nimemkuta ameshakaa ndani kwako. Amefunga mlango, anawaita, Mou, Abul, Mou, Abul." Akatikisa kichwa, akitabasamu. "Na wanamwitikia."