Hakuna Aliyemwambia Arudi

Kosa langu ni hili: nilikubali kusindikizwa na mwanamke nisiyemjua, na tulipofika mahali pa kuagana sikumwambia arudi.

Unacheka, mgeni wangu. Utasema, kosa gani hilo? Watu wanaiba, watu wanaua, na wewe Anaclet unaleta habari za kusindikizana! Kunywa chai kwanza. Hata padri, siku nilipoungama, alicheka kidogo nyuma ya pazia. Akanipa rozari ya kusali. Nimeisali. Bado naisali.

Desturi yetu hapa Kindu unaijua. Mgeni akiaga, mwenye nyumba anamtoa mpaka njia panda. Lakini mwenye nyumba hageuki mwenyewe, maana ingekuwa kama kumfukuza mtu. Ni mgeni ndiye, yeye njo anasimama, njo anasema: "Basi, rudi, umenifikisha." Ndipo mwenzake anageuka. Marehemu mama yangu alitukazia sana jambo hilo tukiwa wadogo. "Musisahau kumurudisha muntu," alikuwa anasema. Sisi tulidhani ni adabu tu.

Wakati ule nilikuwa kijana, mpishi wa Mbelgiji mmoja wa hapa. Alipopata likizo ya kwenda kwao Ulaya, akaniambia nimfuate mpaka Darisalama, nimpikie njiani, kisha nirudi peke yangu. Mke wangu Pélagie alikuwa na mimba kubwa. Watoto waliotangulia tulikuwa tumewazika, hata majina hatukuwahi kuwapa. Mama yangu alikuwa amekufa, mama yake alikuwa mbali, kule Tunda.

Pélagie akanifungia chakula cha njia, akasema:

"Enda. Lakini uniletee kikwembe ya kubebea mutoto, ile ya pwani. Na ufike mbele azaliwe. Nisizae peke yangu tena, Anaclet. Huyu akikufa, na mimi nitakufa."

Nikamwapia kwa jina la Bikira Maria.

Sitakuchosha na habari za treni na za ziwa. Tulifika. Bahari, ndugu yangu... nilishuka mpaka chini kabisa, nikachota kwa kiganja, nikaonja. Nikatema. Maji mengi namna ile, na hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuyanywa! Nikaukumbuka mto wetu Lualaba, mwekundu, mtamu. Machozi yakanijia bure kabisa.

Meli ya bwana iliondoka. Mimi treni yangu ilikuwa ya usiku uleule. Jua lilipokuwa linazama nikaacha mzigo wangu kwa mlinzi wa stesheni, nikaenda kutafuta kikwembe cha Pélagie.

Muuza nguo alinisikia nikiuliza, "Hii iko ngapi?" Akawaita wenzake.

"Jamani, njooni mumsikie Mmanyema! Kaka, umeshakula leo? Usije ukatutafuna hapa!"

Kwao sisi Wamanyema ni wala watu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nikacheka. Mgeni atafanya nini? Nikachukua kitambaa chekundu chenye maua meupe, nikatoka.

Nikapotea.

Nyumba zote zilifanana. Kila njia ilizaa njia nyingine. Milango ikaanza kufungwa, mmoja mmoja, kwa komeo. Nilipouliza stesheni iko wapi, walinijibu mbio mbio, Kiswahili chao kikanipita masikioni kama maji. Giza likashuka. Treni ikapiga honi mahali fulani, mbali, sikujua ni upande gani. Nikafikiri: nikiikosa hii, Pélagie atazaa peke yake.

Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Baba, unapotea njia. Uko unatafuta stesheni?"

Si Kiswahili cha pale. Kiswahili cha nyumbani! Nikageuka kwa furaha. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kapu kichwani. Uso wake sikuuona vizuri kwa sababu ya kivuli cha kapu. Alikuwa na harufu ya majivu yaliyolowa, kama jiko lililomwagiwa maji.

"Mama! Njo wewe wa kwetu?"

"Njo kule kule. Zamani."

"Ulifika huku namna gani?"

"Nilimusindikiza mutoto wangu."

"Na yeye iko wapi?"

Akatangulia, mimi nikamfuata. Tulipopita penye taa ya duka niliona miguu yake. Mitupu. Imelowa mpaka magotini. Na mvua haikuwa imenyesha, vumbi lilikuwa limejaa kila mahali.

"Lualaba iko bado nyekundu?" akauliza.

"Iko bado, mama."

"Na muke wako? Njo wakati wake?"

Nikasema ndiyo, karibu. Tukaenda hatua kidogo kabla sijakumbuka kwamba sikumtajia mke.

Tukafika mahali njia zinapogawanyika. Mbele kulikuwa na ukuta mrefu, giza tupu, na mwisho wake taa za stesheni. Yule mama akasimama. Akashusha kapu. Akanitazama, akangoja.

Nilijua anangoja nini. Mgeni wangu, hapa ndipo nisemapo ukweli mbele ya Mungu: nilijua. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilitazama lile giza la ukuta, nikaogopa kupita peke yangu. Nikasema moyoni, anifikishe kwanza mpaka kwenye taa, nitamwambia pale.

Nikanyamaza.

Nikaanza kutembea.

Nyuma yangu nikasikia akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema polepole:

"Aksanti, mutoto wangu."

Nilipofika kwenye taa, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Alama za miguu tu, zimelowa juu ya vumbi, zinakuja... zinakuja... zinaishia penye visigino vyangu.

Ndani ya treni kiti cha kando yangu kilibaki wazi, na watu walikuwa wamesimama wamebanana. Nikamwambia kijana mmoja, kaa hapa. Akashangaa.

"Nikae wapi, bwana? Si mama yako huyo amekaa?"

Sikutazama. Njia yote sikutazama. Mchana, jua kali, watu wanacheka na kula mihogo, na mimi nimegeuzia uso dirishani, nasikia bega langu la kushoto likiwa baridi. Nilipogusa shati pale lilikuwa na maji. Lilipokauka, likabaki na weupe. Nikalamba kidole.

Chumvi.

Kwenye meli ya ziwa nilisubiri mpaka tuwe katikati, mahali pasipo njia panda yoyote, nikakaza moyo. Nikasema kwa sauti, "Rudi, mama! Umenifikisha. Rudi!" Abiria wakanitazama kama mwendawazimu. Mmoja akasema, "Huyu amekunywa."

Kisha sauti, karibu kabisa na sikio langu. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

"Nirudi wapi?"

Nikakaa chini, nikafunika kichwa. Tangu pale sikusema tena. Treni ya upande wetu ilinibeba kama mzigo. Kila stesheni nilitaka kushuka, nipotelee porini, nisimfikishe nyumbani kwangu. Lakini Pélagie aliningoja. Nikikaa, atazaa peke yake. Nikienda, naenda na huyu. Niambie wewe, ungefanya nini?

Kindu nilifika mchana. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Niliingia kanisani kwanza, nikapiga magoti, nikasema moyoni, humu hataweza kuingia. Nikasali sana. Nilipofumbua macho, sakafu ya kanisa ilikuwa kavu. Kavu kabisa! Hakuna harufu. Bega langu lilikuwa na joto. Nikalia kwa kumshukuru Mungu, nikatoka mbio kuelekea nyumbani.

Mjinga mimi. Hakuwa ndani kwa sababu alikuwa ametangulia.

Mlangoni nilimkuta mama Françoise, mkunga wa mtaa wetu wa Kasuku, ananawa mikono. Akacheka aliponiona.

"Baba Anaclet! Mungu asifiwe. Mutoto muke, na mama yake iko muzima. Ilikuwa ngumu, nisikudanganye. Mutoto alitoka hana pumzi. Bila mama yako tungemuzika."

"Mama yangu?"

"Si ule uliyemutuma mbele? Aliingia na miguu ya maji, hata salamu hakutoa. Akamuchukua mutoto mu mikono yangu, akamupulizia mu kinywa. Njo akalia."

"Mama Françoise... mama yangu alikufa. Ulikuwa kwenye matanga yake."

Akaangalia mikono yake. Kisha akanong'ona:

"Sikumuona akitoka."

Nikaingia. Pélagie alikuwa amelala, anatabasamu, mtoto kifuani. Mtoto alikuwa mzuri, mzito, macho wazi. Nikamfunika kwa kile kitambaa chekundu. Pélagie akanishika mkono.

"Umefika, Anaclet. Lakini onja maji ya kumuogeshea. Nimeonja mimi. Sijui njo nini."

Niliyaonja. Yalikuwa maji ya mto wetu, yamechotwa asubuhi ileile. Nikatema.

Tulimbatiza Claire. Padri alimpaka mafuta, chumvi ya ubatizo akamwekea ulimini, na watoto wote hulia kwa chumvi ile. Claire hakulia. Aliinyonya.

Nilimweleza mambo haya jirani yangu mzee Asumani, Mwislamu, ambaye babu yake alifuatana na watu wa pwani zamani zile za misafara ya watumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta ndevu.

"Babu alikuwa anaelezea," akasema. "Walipofunga watu shingo hapa na kuwapeleka pwani, mama mmoja hakufungwa. Walimuchukua mutoto wake tu. Yeye akafuata nyuma. Wale wenye bunduki walimufukuza, hakusikia. Alisema atarudi mutoto akimuambia arudi. Na mutoto aliogopa kubaki peke yake. Hakumuambia."

"Na walifika?"

"Wanasema mutoto alipandishwa mu meli. Mama aliingia mu maji nyuma yake. Zaidi sijui, Anaclet. Na si lazima njo huyu. Wamama walikuwa wengi."

Ndiyo hayo tu ninayojua. Sijui kama alikuja kuniletea mtoto au kujitafutia mtoto. Claire hajatudhuru kwa lolote. Anaheshimu watu, anajua sala zote, anamsaidia mama yake. Wewe mwenyewe umemwona alivyokuletea chai kwa mikono miwili. Kitu kimoja tu. Mgeni akiaga, ni lazima yeye amsindikize. Tukimzuia anashikwa na homa, kitanda kinalowa, tunaamka tumelala juu ya chumvi. Basi tunamwacha. Mwaka jana alimsindikiza mwuza samaki mmoja, mtu mwenye haraka, hakukumbuka kumrudisha. Tulimtafuta mpaka tukachanganyikiwa. Tulimkuta mbali, kule Lokandu, amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji, anatazama kule mto unakokwenda. Pélagie alimpigia magoti. Mtoto akasema tu, "Papa, hakuniambia nirudi."

Na mimi neno langu halimgeuzi. Nimejaribu. Ni la yule tu anayesindikizwa.

Sasa giza linaingia, na wewe una safari. Namwona amekwisha kusimama mlangoni, amejifunga kile kitambaa chekundu, anakungoja. Sikuombi kitu kingine, ndugu yangu, wala usituombee kama huna nafasi. Mukifika njia panda atasimama, atakutazama. Hata ukiogopa njia iliyo mbele yako, usinyamaze.

Mwambie arudi.