Hewa ya Tangi

Kila siku ya safari, kabla boti yetu ya abiria haijaondoka kwenye mwalo wa Masese, pale ziwani, baba husimama karibu na injini na kukagua kila kitu kwa sauti ya kijeshi. Alikuwa sajini wa polisi wa majini kwa miaka mingi, na ingawa amestaafu, gwaride halijamtoka. Hata nyumbani kwetu Jinja tunaongea Kiswahili kwa sababu yake. Yeye ni Mwacholi, mama ni Msoga, na kila mmoja anadai lugha ya mwenzake ni ngumu.

"Mafuta?" baba huuliza.

"Yapo, afande!"

"Jaketi?"

"Kumi na mbili, afande!"

"Hewa?"

"Wazi, afande!"

Anayejibu ni mimi, Gorreti, na tangu nilipotimiza miaka kumi hakuna mwingine aliyewahi kujibu. Hiyo hewa ni skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi la petroli. Tukibeba tangi kwenda nyumbani tunaifunga ili mafuta yasimwagike. Tukisafiri tunaifungua, maana hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Injini hunyonya kidogo, kisha huzima. Abiria wengine walitucheka kwa gwaride letu, lakini mimi sikujali. Nilijiona msaidizi wa nahodha, na nikitembea pale mwaloni nilitembea kwa maringo.

Basi likizo ya Agosti akaja Nangila.

Nangila ni binti wa mzee Khaemba, aliyetumikia kikosi kimoja na baba na ambaye sasa ana gereji ya pikipiki Nakaloke, karibu na Mbale. Tuna umri mmoja, miaka kumi na tatu. Alishuka kwenye basi akiwa na mkoba na mfuko wa vitunguu vya mlimani, na siku ya kwanza nilimpenda kabisa. Tulicheka pamoja mama alipotuita, "Njooni mkure!" kwa kuwa mama yangu na herufi L na R hawajawahi kupatana.

Siku ya pili injini ilianza kukohoa. Baba akainama huku na huku asione tatizo. Nangila akasikiliza, kichwa kando, akasema, "Afande, plagi moja haitoi moto."

Baba akaifungua. Kweli, ilikuwa imeungua.

"Ala!" baba akasema. "Mtoto huyu ana masikio ya fundi!"

Tangu hapo ikawa Nangila hivi, Nangila vile. Nangila njoo uone hili. Gorreti, umeona Nangila alivyoosha vyombo bila kuambiwa? Niliona. Nilimwona pia alivyosema "shikamoo" kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na jinsi baba alivyofurahi. Kimbelembele mkubwa! Mimi nilikuwa nimeishi na baba miaka kumi na tatu, na sikukumbuka hata siku moja aliyowahi kuyasifu masikio yangu.

Alhamisi tulikuwa na abiria tisa wa kwenda kisiwani. Baba akasimama karibu na injini, nami nikavuta pumzi tayari kujibu.

"Leo atajibu Nangila," baba akasema. "Gorreti, wewe wavalishe abiria jaketi za kuokolea, kisha ukae hapa nyuma karibu nami."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini Nangila alikuwa ameshasimama wima.

"Hewa?"

"Wazi kabisa, afande!"

Kabisa ya nini? Hakuna "kabisa" katika gwaride letu! Baba akacheka mpaka mabega yakatikisika. Roho iliniuma. Niliketi nyuma kama nilivyoagizwa, na tangi lilikuwa pembeni ya goti langu. Nikawaza: injini ikizima hapa hapa karibu na matete, mbele ya watu wote, atacheka tena? Ataona fundi wake ni mtu wa namna gani.

Watu walipokuwa wakipanga mizigo, nilinyoosha mkono nikaizungusha ile skrubu mpaka mwisho. Hakuna aliyeniona.

Lakini sikufikiri vizuri. Tangi siku hiyo lilikuwa limejaa nusu tu, na tangi lenye nafasi huwa na hewa nyingi ndani yake. Injini haikuzima kwenye matete. Iliendelea kunguruma vizuri, ikatutoa kwenye ghuba, ikatufikisha kwenye maji mapana, ambako upepo ulikuwa umeanza kuvuma na mawimbi yameinuka. Kila dakika nilitaka kuifungua, na kila dakika nilijiambia labda haitazima. Tena Nangila alikuwa akinitazama. Angeuliza ninashika nini.

Injini ikapiga chafya mara mbili, ikanyamaza.

Boti ikageuka ubavu. Wimbi la kwanza likatumwagia maji mpaka magotini. Mama mmoja kijana aitwaye Lillian alikuwa na mtoto mchanga, akamkumbatia na kupiga yowe, "Yesu wangu!"

"Tulieni! Msisimame!" baba akapaza sauti. Akachukua kasia, akampa lingine mwalimu mmoja aitwaye Bogere, wakaanza kuelekeza pua ya boti kwenye mawimbi. "Nangila! Angalia injini!"

Nangila. Hata katika hatari ile, jina lililomjia baba mdomoni lilikuwa Nangila.

Akavuta kamba ya kuwashia mara tatu. Kimya. Akachukua spana, akafungua plagi, akaishika karibu na macho huku akiyumba.

"Plagi kavu, afande! Mafuta hayafiki!"

"Fuata bomba!"

Akafuata bomba kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye injini mpaka kwenye lile yai la mpira tunalolibinya ili kusukuma mafuta. Lilikuwa limebonyea kabisa. Wimbi lingine likaingia. Trei za mayai za mwalimu Bogere zikaelea zikapasuka. Mtoto wa Lillian alikuwa analia kwa sauti iliyokatikakatika, na mimi nilikuwa nimekaa na neno moja mdomoni, neno ambalo lingetutoa pale, nikashindwa kulitamka. Niliona aibu. Fikiri tu: watu kumi na wawili majini, na mimi naona aibu!

Nangila akageuka kulielekea tangi. Hapo nikaruka kabla yake, nikaizungusha skrubu. Hewa ikaingia ndani kwa mluzi.

"Hewa ilikuwa imefungwa, baba! Nimeifungua!"

Nangila akabinya lile yai mpaka likawa gumu, akarudisha plagi, akavuta kamba. Injini ikawaka.

Abiria walinipigia makofi. Lillian alinishika mkono akasema, "Mungu akubariki, mdogo wangu." Baba alinitazama kwa macho niliyoyatamani wiki nzima.

"Umetuokoa, Gorreti," alisema. Kisha akageuka. "Nangila, uliniambia nini kuhusu hewa?"

"Niliifungua, afande."

"Skrubu haijifungi yenyewe. Mtu akijibu asichokikagua, anaweza kuua watu. Kesho utapanda basi urudi Mbale. Nitaongea na Khaemba."

Tulipofika kisiwani Nangila alikaa kwenye mchanga akitazama vidole vyake. Nilijua atanisema. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kujitetea, na makali pia.

"Gorreti," akasema polepole, "nakumbuka niliifungua. Lakini labda nilisahau? Wewe ulikuwa karibu. Unafikiri nilisahau?"

Laiti angenitukana! Mtu mwenye masikio yale, mikono ile, alikuwa ameanza kutojiamini kwa sababu yangu. Baba alikuwa ameshika simu, anatafuta namba ya mzee Khaemba. Nikamkimbilia.

"Usipige, baba. Mimi ndiye niliyeifunga. Yeye aliifungua, nami nikaifunga ili azimiwe na injini, aaibike."

Baba alishusha simu. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulimpa kazi yangu."

"Nilimpa kazi yako," baba akasema, "kwa sababu leo nilitaka nikupe mkono wa injini uendeshe wewe tukishatoka kwenye ghuba. Unadhani kwa nini nilikwambia ukae nyuma karibu nami? Mtu hawezi kujibu gwaride na kuendesha kwa wakati mmoja."

Nililia pale pale, bila kujificha.

Aliniongoza mpaka kwa abiria, waliokuwa wakikausha mizigo, nikawaeleza yote mbele ya Nangila. Lillian alimvuta mtoto wake karibu na kifua. Mwalimu Bogere alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha baba akamwomba Nangila msamaha kwa kumhukumu kabla ya kuchunguza, na mimi nikaomba wangu.

"Sikiliza, Gorreti," baba akaniambia. "Nami nilikosa. Ningekwambia mpango wangu, na ningekusifu pia, maana unastahili. Kuona wivu si kosa, humjia kila mtu. Injini ikizima, Nangila anaanza kwenye plagi, anafuata bomba, mwishowe anafika penye tatizo. Ndani ya mtu hakuna bomba la kufuata. Kitu kikikuuma njoo uniambie, hata kwa hasira, nitakusikiliza. Ukikificha, utamuumiza hata mtoto mchanga asiyekujua. Mkono wa injini utausubiri mpaka likizo ijayo."

Wakati wa kurudi niliketi mbele kabisa, nikichota maji kwa kopo. Nangila akaja akasimama kando yangu.

"Bado una hasira nami?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Lakini sogea, nami nikae."