Ngano ya Mama na Dawa ya Jirani

Nisikilizeni, nyinyi mnaolima na nyinyi mnaokula tu. Vuli ile, katika kijiji kimoja cha Henan, nyumba ya Luo Dehai ilikuwa na raha yake. Ngano ilikuwa imechomoza, na mkewe Guilan alikuwa uani akimenya vitunguu saumu na mama mkwe wake, wakitaniana.

Kijiji kizima kilikuwa kimehamia mbegu za dukani, za ngano fupi. Wao tu walibaki na mbegu ya kale, ambayo bibi huyo alikuja nayo alipoolewa. "Mkate wa mwaka mpya ndani ya nyumba hii utatoka kwenye ngano yangu mpaka nife," alikuwa akisema. Mwaka ule panya walilitoboa gunia la mbegu, Guilan akaona heri yote iliyosalia iingie ardhini. Hakikubaki hata kibaba cha mbegu.

Basi magugu yakaota. Dehai akachungulia shamba la jirani yake Changgen, akalikuta safi. Kesho yake akaja na dawa ya magugu ileile aliyotumia Changgen, na pampu mgongoni.

"Baba Xiu," Guilan alimwambia mumewe, "mbegu ya Changgen siyo yetu. Si ujaribu kwanza pembeni, kule mferejini, tuone?"

"Ngano ni ngano! Au umesomea, mwenzangu?"

"Sijasomea. Basi kamuulize mwenye duka. Na baridi hii inakuja."

"Nikaulize, ili waseme Dehai hajui ngano? Thubutu!"

Akamimina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha akaongeza kifuniko kizima. "Hiki cha bahati," akasema, kama wasemavyo wanaume wengi wa kijiji kile.

Jamani! Tangu lini sumu ikawa na bahati?

Alinyunyiza shamba lote, ila alipofika kwenye kaburi la baba yake, tuta la udongo katikati ya ngano, aligeuza bomba kando na kuzunguka mbali. Huko hakuna mtu anayemnyunyizia marehemu dawa.

Wiki haikuisha, baridi kali ikaingia. Ngano ya Changgen ilipauka ncha, kisha ikajirudi. Ya Dehai ilidumaa. Majani yalijikunja, na Guilan alipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa vijiti vifupi vinene. Moyo ulimpasuka.

"Imelala tu, itaamka joto likija," Dehai alisema. "Na mama asisikie!"

Mwaka mpya walikula mkate wa unga wa mavuno yaliyopita. Bibi alitafuna kwa furaha, akasema, "Na mwakani pia." Guilan akamtazama mumewe.

Joto lilipoanza kurudi, ikafika siku ya kufagia makaburi ya wazee. Bibi akashika mkongojo, na hakukuwa na wa kumzuia. Wakafika shambani. Kulikuwa na udongo mtupu, ngano ya manjano iliyokaukia chini, na magugu yaliyoota upya. Kulizunguka kaburi tu, ngano ilikuwa imesimama kijani, yafika magotini.

"Nani kafanya hivi?"

Dehai akapiga magoti. "Ni mimi, mama."

"Baba yako amekufa," bibi alisema, "na bado analima kukushinda wewe."

Akageuka na mkongojo wake, akarudi nyumbani. Guilan alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Ngano ya kaburini ilipoiva, Guilan aliikata kwa mikono yake, ikaenea kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ilikuwa ya mbegu, si ya kula. Mwaka mpya uliofuata walipika mkate wa unga wa dukani. Bibi alionja, akaurudisha sahanini taratibu. "Kuleni, wanangu. Mimi nitasubiri wangu."

Hakuuwahi. Alifariki kabla ngano ile haijatosha hata mkate mmoja.

Funzo

Ndugu zangu, dawa iliyolisafisha shamba la jirani yaweza kuliua lako, kwa maana mbegu hazifanani, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Mche mchanga ni mtoto: kipimo kikizidi, au baridi ikiukuta na dawa mwilini, haukui tena. Jaribu pembeni kwanza. Shika kipimo. Msikilize mkeo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na Dehai aliona haya kuuliza. Siku hizi kila mwaka mpya huweka mkate wa ngano ile juu ya kaburi la mama yake, na hakuna anayeuonja.