Mwimbaji wa Bafuni

Santuri ya majaribio, ile inayokatwa studio kabla ya zile za kuuza, ni laini. Kila ikipigwa, sindano huikwangua, mpaka mwimbaji anabaki mikwaruzo mitupu. Hii ya Reg Dallow, ya pekee duniani, ilikuwa inazidi kusafika. Jumapili ile, Reg na mkewe wakimsubiri mgeni, hata pumzi za mwimbaji zilisikika.

"Reg, umeacha redio bafuni?" mkewe Maureen aliuliza kutoka jikoni.

"Hatuna redio bafuni, mpenzi."

"Basi nani anaimba humo?"

Reg aligeukia mlango wa bafuni. Alinusa mafuta mazito ya nywele, yale ya vijana wa rokenroli. Kila Mswahili anajua jini hupenda msalani, ila Reg, mtoto wa Margate, Uingereza, hakuwahi kuambiwa.

Enzi za ujana wake, studio maskini zilitafuta mwangwi chooni, penye vigae. Humo ndimo alimoimba rafiki yake, Alf Pocock, aliyeungua uso kwa bomu la vita na kuzipaka nywele mafuta mazito, huku Reg akipiga gitaa nje. Wimbo uliponaswa kwenye santuri ya majaribio na kupigwa, bosi wa studio akaingia. "Sauti ya nani hii?" Reg, kijana mzuri wa sura, akasema, "Yangu." Mkono wake nyuma ya mgongo ukakikamata kitasa cha choo, Alf asitoke.

Alf hakugonga. Kabla ya Krismasi walimkuta mtoni amekufa.

Reg akapewa jina la jukwaani, Rex Gale. Santuri alizoimba kwa koo lake zilidoda, akasingizia mafua. Lakini ile ya majaribio alimpigia Maureen siku za uchumba, na Maureen akaipenda sauti ile, akaolewa nayo.

Mgeni, Nigel, mkusanyaji wa santuri adimu, alifika saa ya chai. Alitaka kuzitoa upya nyimbo zote za Rex Gale. Akaiweka ile santuri, akasikiliza amefumba macho.

"Hapa ni wewe kweli, Bwana Gale?"

Maureen alikuwa anamtazama mumewe kwa fahari. Reg aliona aibu hadi mifupani. "Mimi," akasema.

Nigel akainua sindano, na wimbo haukukoma, ukaendelea kutoka bafuni, ukipanda vigae na kupita chini ya mlango pamoja na ile harufu ya mafuta, sasa imechanganyika na matope ya mto, hata vikombe vikaanza kutetemeka mezani.

"Reg," Maureen alinong'ona, "wewe uko hapa. Yule ni nani?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. "Alf," Reg akasema, akilia. "Tangu mwanzo ni Alf. Nilimfungia mlango, Maureen. Nisamehe."

Wimbo ukakatika. Nigel alishachukua koti lake, yuko barabarani.

Maureen alisimama. Kisha akachukua kikombe chake cha chai, akaingia bafuni, akafunga mlango. Reg alipojaribu kitasa, kilikuwa kimeshikwa kwa ndani na mkono wenye nguvu kuliko wa mkewe.

"Imba tena, mpenzi," alimsikia Maureen akisema.

Sauti ikaanza. Reg akainua mkono ili agonge, akakumbuka kuwa Alf hakugonga, akaushusha.